Usiseme London, Sema Stesheni

Kila mara rafiki akiniambia amepata visa ya Uingereza, namuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Utashuka stesheni gani?" Wengi hunijibu, "Si London?" Hapo mazungumzo huwa marefu, kwa sababu London haina stesheni kuu moja. Ina stesheni kubwa zaidi ya kumi ambako reli hufika na kukoma, na kila moja ina upande wake wa nchi. Ukienda isiyo yako, treni haitakungoja uvuke jiji.

Mtu wa Nairobi anaielewa hii hata kabla ya kupanda ndege. Hakuna steji ya "Nairobi". Kuna Railways kama unaenda Rongai, kuna Machakos Country Bus kama unaenda Ukambani, kuna Ngara kama unaelekea Thika Road. Hujiulizi kwa nini, unajua tu. Lakini steji ya matatu inaweza kuhamishwa kwa amri ya usiku mmoja. Stesheni za London ni matofali na chuma, na nyingi zimekaa palepale kwa zaidi ya miaka 150. Mimi nilitaka kujua nani aliamua zikae hapo, na nani alihamishwa ili zikae.

Tuanze na yale yatakayokusaidia. Ukitua Heathrow, treni ya haraka inaenda Paddington. Ukitua Gatwick, utafikia Victoria au London Bridge. Ukitua Stansted, ni Liverpool Street. Luton, ni St Pancras. Ukishafika jijini na unataka kuendelea na safari, Manchester na Glasgow ni Euston. Leeds, York, Newcastle na Edinburgh ni King's Cross. Bristol na Cardiff ni Paddington. Southampton ni Waterloo. Na kama unaenda Paris au Brussels, treni za Eurostar zinaondoka St Pancras, ng'ambo tu ya barabara kutoka King's Cross.

Na usidanganywe na majina. Liverpool Street haikupeleki Liverpool. Stesheni ilichukua jina la barabara, na barabara ilichukua jina la Lord Liverpool, waziri mkuu wa zamani. Anayetaka mji wa Liverpool aende Euston. Waterloo nayo ina kichekesho chake. Kuanzia 1994 hadi 2007 treni za Eurostar zilifikia hapo. Yaani Mfaransa anatoka kwao Paris vizuri, anavuka chini ya bahari, halafu anashushwa kwenye jina la vita ambavyo Napoleon alishindwa mwaka 1815. Mwaka 1998 diwani mmoja wa Paris aliiandikia serikali ya Uingereza akiomba jina libadilishwe. Halikubadilishwa. Treni zenyewe ndizo zilizohama, Novemba 2007, reli mpya ya kasi ilipofika St Pancras.

Sasa fungua ramani ya London kwenye simu yako na uangalie upande wa kaskazini. Marylebone, Euston, St Pancras, King's Cross: zote zimepangana kando ya barabara moja, kama maduka ya mtaani, na Paddington iko mbele kidogo upande wa magharibi. Hakuna hata moja iliyovuka barabara hiyo kuingia katikati ya jiji. Ni kama mtu alichora mstari akasema, mwisho hapa.

Na kweli mstari ulichorwa. Barabara yenyewe ilifunguliwa mwaka 1756 ikaitwa New Road. Leo vipande vyake vinaitwa Marylebone Road na Euston Road. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupitisha ng'ombe. Mifugo iliyokuwa ikiswagwa kwenda soko la Smithfield ilipita katikati ya watu, kwenye barabara ya Oxford, na wenye nyumba wakachoka na vumbi na kinyesi. Kwa hivyo wakajengewa bypass. Ndiyo, bypass, ya ng'ombe, karne ya 18.

Reli ilipokuja ilikuta barabara hiyo ndiyo ukingo wa jiji. Kampuni za reli zilikuwa za watu binafsi, zikishindana kama sacco za matatu kwenye ruti moja. Kila kampuni ilitaka stesheni yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa mshindani wake abiria. Euston ilifunguliwa 1837, Paddington ya kwanza 1838. Kufikia miaka ya 1840, watu walikuwa wamepagawa na hisa za reli, na mwaka 1846 mapendekezo 19 ya reli na stesheni za ndani ya London yalikuwa mezani. Bunge liliona kwamba yote yakikubaliwa, jiji litabomolewa. Ikaundwa tume ya kifalme ichunguze jambo hilo.

Tume ilisema reli isipite katikati ya jiji. Upande wa kaskazini, mpaka ukawa New Road. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: nyumba nyingi zingevunjwa, na barabara zilizokuwa tayari zimejaa mikokoteni zingezibwa kabisa. Lakini angalia ni nani aliyekuwa akiishi na kumiliki ndani ya ule mstari. Kusini tu mwa Euston kuna Bloomsbury, ardhi ya ukoo wa Duke wa Bedford, yenye nyumba za heshima na bustani zake. Watu kama hao walikuwa na wakili na sauti bungeni. Reli ilikoma mlangoni kwao.

Kwingine reli haikukoma. Kusini mwa mto Thames, mitaa ilikuwa ya watu wa chini zaidi, na reli zilipitishwa juu ya madaraja marefu ya matofali yaliyokatiza katikati ya makazi yao. Kisha miaka ya 1860 kampuni za kusini zikavuka mto zenyewe: Victoria ilifunguliwa 1860, Charing Cross 1864, Cannon Street 1866. Mstari wa tume ulikuwa mgumu mahali fulani na laini mahali pengine.

Hata kaskazini, nje ya mstari, kulikuwa na watu. Nyuma ya mahali ambapo leo unapanda Eurostar palikuwa na mtaa wa mabanda ulioitwa Agar Town. Mwaka 1866 kampuni ya reli ya Midland iliuvunja kupitisha reli ya kwenda St Pancras. Maelfu ya watu wakaondoka. Wengi walikuwa wapangaji wa kulipa kodi kila wiki, na mpangaji wa wiki hakuwa na dai lolote la fidia. Aliyelipwa ni mwenye ardhi. Mtu yeyote aliyeona trekta likiingia kwenye mtaa wa mabanda Nairobi, karibu na reli au karibu na barabara mpya, haitaji kutafsiriwa hiyo sentensi.

Reli ilipita pia juu ya wafu. Uwanja wa kanisa la zamani la St Pancras ulikuwa umejaa makaburi, na sehemu yake ilifukuliwa ili njia ipite. Kijana mmoja mwanafunzi wa usanifu alitumwa kusimamia kazi hiyo ili mifupa ihamishwe kwa adabu. Jina lake Thomas Hardy, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa wa riwaya. Kwa miaka mingi palikuwa na mti hapo uliozungukwa na mawe ya makaburi yaliyopangwa kama karata. Mti huo ulianguka Desemba 2022.

Stesheni yenyewe ilifunguliwa Oktoba 1868, na paa lake la chuma na kioo lilifunika upana wa zaidi ya mita 70 bila nguzo hata moja katikati. Chini ya sakafu ya treni kulikuwa na ghala la mapipa ya bia kutoka mji wa Burton, na nguzo za ghala zilipangwa kwa kipimo cha mapipa. Leo abiria wa Eurostar hupita hapohapo pa bia wakikaguliwa pasipoti. Miaka ya 1960 kulikuwa na mipango ya kuivunja. Mshairi John Betjeman na wenzake walipiga kelele, na mwaka 1967 ikalindwa kisheria kama jengo la kihistoria. Makelele husaidia, hasa yakipigwa na watu ambao serikali imezoea kuwasikiliza.

Stesheni zilipokwisha kutawanyika, tatizo jipya likazaliwa: abiria anayetoka magharibi na kwenda mashariki anavukaje jiji? Kwa miguu, au kwa gari la farasi kwenye msongamano. Charles Pearson, wakili wa serikali ya jiji, alikuwa amependekeza mapema stesheni moja ya kati pale Farringdon, ambapo reli zote zingekutana. Alikataliwa. Akashikilia wazo lingine, kwamba kama treni haiwezi kupita juu ya jiji, ipite chini. Wachimbaji walipasua New Road, wakajenga handaki, wakalifunika. Tarehe 10 Januari 1863 treni ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani ilianza kati ya Paddington na Farringdon, ikipita karibu na Euston na King's Cross. Siku ya kwanza watu wapatao 38,000 waliipanda, moshi na yote. Pearson hakuiona. Alikuwa amefariki 1862.

Pearson alikuwa na hoja ambayo mimi naipenda: kama unabomoa nyumba ya mfanyakazi, angalau mpe treni ya bei nafuu imrudishe kazini kutoka huko ulikomsukuma. Bunge lilisikia kidogo. Kampuni ya Great Eastern ilipopewa ruhusa mwaka 1864 ya kupitisha njia ya Liverpool Street kwenye mitaa ya maskini, iliwekewa sharti la kuwa na treni za alfajiri za wafanyakazi kutoka Edmonton na Walthamstow, kwenda na kurudi kwa peni mbili. Ndiyo maana kaskazini mashariki mwa London pakawa mitaa ya wafanyakazi. Nauli ndiyo iliyoamua nani ataishi wapi.

Stesheni kubwa ya mwisho kwenye ule mstari wa kaskazini, Marylebone, ilipokea abiria wake wa kwanza Machi 1899. Shika mwaka huo. Mwishoni mwa Mei, 1899 hiyohiyo, reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilifika mahali penye maji baridi ambapo Wamaasai walinywesha mifugo yao. Nchi ileile iliyokuwa imemaliza kujenga ukingoni mwa jiji lake, kwa tume na mashauri ya bunge, sasa ilikuwa inajenga kwetu. Tofauti ni kwamba huku haikuundwa tume ya kuwauliza wenyeji reli ikome wapi. London ilikuwepo kwanza, ikaizuia reli mlangoni. Nairobi ilizaliwa na reli, ndiyo maana stesheni yetu ya zamani iko tao kabisa. Na waliokuwepo kabla yake? Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka ardhi yao ya Bonde la Ufa iliyokuwa karibu na reli, ili walowezi wapate nafasi.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2017 SGR ilianza, na treni kutoka Mombasa inakoma Syokimau. Ukishuka hapo unatafuta treni nyingine au matatu ikufikishe tao. Desemba 2018 kaunti ilijaribu kuzuia matatu zisiingie katikati ya jiji. Watu wakatembea kwa miguu, wazee kwa wagonjwa, na amri ikasitishwa upesi. Hiyo ni London ya 1846 imekuja kwetu, ikiwa imechelewa. Na swali ni lilelile: mstari ukichorwa, nani anabaki ndani na nani anatembea?

London imechukua muda kulijibu. Tangu 1988, treni za Thameslink zinavuka jiji kutoka kaskazini hadi kusini kupitia Farringdon. Mei 2022 reli ya Elizabeth ikafunguliwa, na sasa inavuka kutoka magharibi hadi mashariki, kupitia Farringdon pia. Leo ukisimama hapo unaweza kupanda treni ya Heathrow, ya Gatwick au ya Luton bila kutoka stesheni. Ni kile ambacho Pearson aliomba, miaka zaidi ya 170 iliyopita.

Kwa hivyo ukipata safari, fanya hivi. Soma jina la stesheni kwenye tiketi, si jina la jiji pekee. Tafuta malazi kulingana na stesheni utakayoitumia mara nyingi, maana kuvuka London na sanduku saa ya watu kutoka kazini ni adhabu. Reli ya Elizabeth kutoka Heathrow ni nafuu kuliko ile treni ya haraka ya Paddington, na inakufikisha ndani zaidi. Kama mipango yako haijakaa sawa, kaa karibu na Farringdon.

Na ukiwa na nusu saa ya ziada St Pancras, usiimalizie kwenye maduka ya manukato. Tembea dakika kama kumi nyuma ya stesheni hadi kwenye uwanja wa kanisa la zamani. Kuna kimya hapo, na treni zinasikika zikipita karibu. Agar Town haina kibao kikubwa wala mnara. Watu wake walilipa kodi kwa wiki, wakaambiwa waondoke, wakaondoka. Wewe unajua hadithi yao sasa, na huenda ukaijua pia ukisikia habari za reli nyingine inayopanuliwa karibu na kwenu.