CCDE: Mtihani wa Sh5 milioni wa kusanifu mitandao, unamlipa fundi wa Arusha?

Kwa vijana wa TEHAMA wanaofanya kazi Arusha, ngazi ya vyeti inajulikana. Unaanza na CCNA, unapanda CCNP, halafu unaanza kusikia habari za vile vyeti vya juu kabisa. Kimoja wapo ni CCDE, cheti cha Cisco cha usanifu wa mitandao. Hiki hakipimi kama unajua kuseti ruta. Kinapima kama unajua kuamua mtandao ujengwe vipi, na kama unaweza kutetea uamuzi wako.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Mtihani wa nadharia, wenye namba 400-007, ni dola 450 na huchukua saa 2. Mtihani wa vitendo ni dola 1,600 na unakula siku nzima, saa 8. Jumla dola 2,050. Ukipiga hesabu rahisi ya Sh2,500 kwa dola moja, hiyo ni Sh5,125,000, na hapo hujaweka kodi, vitabu wala nauli. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni Sh500,000 kwa mwezi. Maana yake ni mshahara wa miezi 10 na zaidi, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba.

Nauli nayo si ya kubeza. Mtihani wa vitendo hufanyika kwenye maabara za Cisco zenyewe, na zile za kudumu ziko miji michache duniani, kama Bangalore nchini India na Richardson kule Texas, Marekani. Tanzania hakuna. Kwa hiyo ni viza, tiketi ya ndege na hoteli. Ukifeli, ada unalipa upya.

Hakuna sharti, lakini usijidanganye

Cisco haidai cheti chochote kabla ya CCDE. Kwenye makaratasi, hata asiye na CCNA anaweza kujiandikisha. Hapo ndipo watu wanapoona wamepata njia ya mkato. Pendekezo la Cisco wenyewe ni uwe na uzoefu wa miaka 5 hadi 7 wa kusanifu na kuendesha mitandao, na ukiangalia mtihani ulivyo utaelewa kwa nini.

Siku ya vitendo huseti kifaa chochote. Unapewa visa vinne, kila kimoja kama saa 2. Kila kisa ni kampuni ya kutunga: ina mchoro wa mtandao, barua pepe za mameneja, bajeti, na matatizo yake. Labda kampuni mbili zimeungana na anwani zao za IP zinagongana. Labda matawi yameongezeka mara tatu na mtandao umelemewa. Unasoma, unachagua, unaeleza sababu. Kisa kinafunguka kidogo kidogo na ukishajibu swali huwezi kurudi nyuma kulibadilisha. Ukurasa unaofuata unaweza kukuambia mteja amebadili mawazo. Waliowahi kufanya kazi na wateja wa Arusha watasema hiyo haina ugeni.

Majibu yote yanaweza kuwa sahihi kiufundi. Linalotakiwa ni lile linaloendana na alichosema mteja, hata kama wewe ungependa teknolojia nyingine. Mtu aliyekariri BGP na OSPF bila kuwahi kumsikiliza mwenye hoteli akilalamikia bili atahangaika sana hapo.

Mfano wa hapa hapa

Chukua kampuni ya utalii ya kufikirika. Ofisi kuu ipo Njiro, ina loji Karatu na kambi ndani ya Serengeti. Mkurugenzi anasema: "Sitaki mtandao ukate tena." Fundi wa kawaida atajibu haraka: weka watoa huduma wawili.

Msanifu atauliza kwanza, hao wawili wanapita wapi?

Hesabu yake ni hii. Laini inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda inakatika kama saa 88 kwa mwaka. Ukiwa na laini mbili za namna hiyo, zisizotegemeana kabisa, muda wa kukosa mtandao unashuka hadi kama dakika 53 kwa mwaka. Lakini kama faiba zote mbili zimelala kwenye mtaro mmoja kando ya barabara, siku greda likipita zinakatika pamoja. Umelipa bili mbili na bado uko kwenye saa zako 88.

Hili si la darasani tu. Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoyumba kimtandao. Ofisi iliyokuwa na watoa huduma wawili, wote wakitegemea kebo hizo, haikuwa na akiba yoyote. Ilikuwa na majina mawili kwenye ankara. Iliyokuwa na seva ya mfumo wake Arusha au Dar es Salaam ilikuwa na nafuu, kwa sababu data hiyo haihitaji kuvuka bahari. Ndiyo faida pia ya vituo vya kubadilishana data vya ndani, kama AIXP cha Arusha na TIX cha Dar, vinavyoendeshwa na umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA.

Kambi ya Serengeti ni swali jingine. Kama mahali hapo hapafikiwi na faiba wala mnara, inabaki setilaiti. Setilaiti ya kizamani iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa kupokea nafasi za wageni, haina shida. Kwa simu ya video, mgeni atanuna. Msanifu anamwambia mteja hivyo kabla ya kusaini mkataba.

Na Meru wenyewe ni sehemu ya mtihani, ukipenda. Redio za masafa ya juu zinahitaji kuonana ana kwa ana. Mlima wenye zaidi ya mita 4,500 ukikaa katikati ya jiji na Ngarenanyuki, antena kubwa zaidi haitasaidia. Unatafuta kilima cha kupokezana au unazunguka na faiba. Gharama inabadilika kabisa, na pengine jibu la busara ni kumwambia mteja asubiri mwaka mmoja.

Kwa hiyo inalipa?

Kwa mafundi wengi wa Arusha kwa sasa, hapana. Angalau si kama hatua inayofuata. Ukipitia matangazo ya kazi za mitandao, mara nyingi utaona shahada pamoja na CCNA au CCNP. Mahoteli na watoa huduma wadogo wengi wanatumia MikroTik, na hapo MTCNA inaweza kukufungulia mlango mapema kuliko CCDE. Mwajiri asiyejua CCDE ni nini hataongeza mshahara kwa ajili yake.

Kuna kundi ambalo hesabu yake ni tofauti. Arusha si mji mdogo kwa taasisi: ipo Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tawi la taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ya Rwanda, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Aliyekaa miaka kadhaa kwenye mtandao wa ukubwa huo, au kwa mtoa huduma anayehudumia mikoa mingi, na anayelenga ushauri wa kitaalamu au kazi za Ghuba, anaweza kuona faida. Na kama mwajiri analipa ada, mjadala unaisha mapema.

Kwa wengine, ipo njia ya katikati ambayo haisemwi sana. CCNP Enterprise ina mitihani miwili: wa msingi, 350-401, kwa dola 400, na mmoja wa kuchagua kwa dola 300. Kati ya ile ya kuchagua upo 300-420, ambao ni wa usanifu. Jumla ni dola 700, kama Sh1,750,000, unapata cheti ambacho waajiri wanakijua na umesoma usanifu humo humo. Mitihani hii unaweza kuifanyia nyumbani kwa kompyuta, ila hakikisha umeme na intaneti, maana kukatika katikati ya mtihani ni balaa.

Kusoma kwenyewe hakuhitaji mamilioni. GNS3 ni ya bure, na Packet Tracer hupatikana bure kupitia Networking Academy ya Cisco. Kitabu cha Priscilla Oppenheimer, *Top-Down Network Design*, kinaanza na mahitaji ya biashara kabla ya kugusa kifaa, na ndiyo tabia inayopimwa. Anayeelekea CCDE yenyewe atakutana na kitabu rasmi cha Zig Zsiga.

Zoezi zuri zaidi liko ofisini kwako. Chora mtandao unaouhudumia sasa. Andika kwa nini kila laini ipo, inagharimu kiasi gani, na ikikatika nani anaacha kufanya kazi. Kisha mpe mtu wa uhasibu asome. Asipoelewa, andika tena.

Kudesa maswali yaliyovuja ni hasara tupu. Cisco inaweza kufuta cheti na kukufungia mitihani, na maswali ya visa hayakaririki kirahisi hata hivyo.

Cheti cha CCDE kinadumu miaka 3. Baada ya hapo unakihuisha kwa kufaulu tena mtihani wa nadharia wa ngazi hiyo au kwa kukusanya pointi 120 za elimu endelevu, na kozi nyingi zenye pointi hizo nazo zinalipiwa kwa dola. Ada hubadilika, hivyo angalia tovuti ya Cisco kabla hujatoa kadi ya benki.