Baba, Kihamba na Kanisa: Habari za Mchungaji Gutmann wa Old Moshi

Msomaji wa habari za misioni za zamani aghalabu hutarajia kukutana na mtu mgeni aliyemtaka Mwafrika aache jina lake, ngoma yake na shauri la wazee wake ndipo astahili kuitwa Mkristo; na insafu yataka tukiri kwamba wamisionari wa namna hiyo hawakuwa haba. Walakini katika miteremko ya Kilimanjaro, mahali paitwapo Kidia katika nchi ya Old Moshi, aliishi mmoja ambaye lawama yake ilikuwa kinyume kabisa cha hiyo, maana alizishikilia mila za Wachagga kwa nguvu kuliko Wachagga wengi waliokuwa wakija kwake kusoma, na mara nyingine aliwachosha kwa mapenzi hayo. Huyo ni Bruno Gutmann, Mjerumani wa misioni ya Kilutheri ya Leipzig, aliyezaliwa Dresden mwaka 1876, akafika Afrika Mashariki mwaka 1902, na ambaye, ukiondoa miaka michache aliyofukuzwa kwa sababu ya vita vya wakubwa wa Ulaya, alitumika katika mlima ule mpaka mwaka 1938.

Kwa siasa alikuwa mhafidhina, na uhafidhina wake haukutoka Afrika bali alikuja nao kutoka kwao. Ujerumani ya ujana wake ilikuwa nchi ya viwanda, ambamo wanakijiji kwa maelfu waliacha mashamba ya baba zao wakaenda kupanga vyumba mijini, wasimjue jirani wala wasijulikane naye. Na yeye, aliyekulia katika mji wa namna hiyo, aliamini kwamba mwanadamu hakuumbwa awe peke yake na mshahara wake, bali aliumbwa ndani ya vifungo ambavyo hakujichagulia, navyo ni vitatu: ukoo, ujirani na rika. Vifungo hivi, kwa fikra yake, vilikuwa ni amana ya Mungu mwenyewe, na Injili haikuja kuvikata ila kuvitakasa. Alipofika Uchagga akadhani ameona kwa macho yale ambayo Ulaya imekwisha kuyapoteza. Na sina shaka kwamba mengi aliyoyaandika juu ya Wachagga yalikuwa pia manung'uniko juu ya Wajerumani.

Hata hivyo macho yake yalikuwa makali. Mtu asiyejua kihamba hawezi kufahamu ubaba wa Kichagga ulikuwa kitu gani, na Gutmann alikijua kihamba kama wachache waliozaliwa nje yake. Kihamba ni mgomba na nyumba na kaburi kwa pamoja: ndizi zasimama zimezunguka nyumba, ng'ombe wafungwa ndani na kulishwa majani ambayo wanawake huyabeba kichwani kutoka tambarare, samadi yarudishwa kwenye migomba, maji ya mfongo yapita kwa zamu iliyopangwa na wazee wa mfereji, na mimea ya masale imepandwa mpakani kuonyesha kwamba hapa ndipo mwisho wa fulani na mwanzo wa jirani yake. Waliokufa huzikwa humo humo. Kwa hiyo baba hakuwa tu mzazi wa watoto; alikuwa mlinzi wa mahali ambapo waliomtangulia wamelala na ambapo wajao watakula, naye akishika mamlaka yake kwa sababu hiyo. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na hivyo kila jina lililoitwa uani lilikuwa ukumbusho wa deni.

Katika mirathi desturi ilikuwa na utaratibu wake. Kifungua mimba alipewa kihamba chake alipooa, na kitinda mimba ndiye aliyebaki na nyumba ya baba, akimtunza mama yake hata afe. Wale wa katikati hawakuwa na fungu lililo wazi. Ilitarajiwa watafute ardhi isiyo na mwenyewe, au waombe kwa mangi, yaani mtawala wa nchi yao, na katika siku zile ambazo mlima ulikuwa bado na nafasi haikuwa shida kuwaambia hivyo. Mambo haya yote, pamoja na sheria za ndoa, za mahari na za deni la damu, Gutmann aliyakusanya kutoka vinywani mwa wazee, akayatia katika kitabu kinene cha sheria ya Wachagga kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1926. Vyuo vikuu viwili vya huko vilimtunuku udaktari wa heshima, kimoja kwa elimu ya dini na kimoja kwa elimu ya sheria.

Kilichomtofautisha na wataalamu wengine wa mila ni kwamba hakuridhika kuandika. Alitaka usharika wenyewe ujengwe kwa mawe hayo. Basi akawaweka wazee wa kanisa kwa kufuata ujirani, kila mtaa na wazee wake, ili mwenye ugomvi na ndugu yake asiende moja kwa moja kwa mchungaji kabla hajasikilizwa na majirani wanaojua mpaka unapita wapi na ng'ombe wa nani alikula mgomba wa nani. Wachagga tangu zamani walikuwa na desturi kwamba aliyekosa akipeleka jani la isale kwa aliyekosewa, huyo hawezi kukataa kusamehe. Na ni dhahiri kwamba mchungaji asiyejua uzito wa jani lile asingeweza kuamua shauri hata moja mlimani. Vijana wa kipaimara nao aliwaunga katika vikundi vidogo vya wenzi, kila mmoja awe ngao ya mwenzake maishani, akiiga urafiki uliofungwa zamani baina ya vijana waliotiwa jandoni pamoja. Na mafundisho ya jandoni yenyewe, ambayo wazee waliyafundisha kwa kijiti kilichokatwa alama, kila alama na somo lake, aliyaandika katika majuzuu 3 yaliyotoka baina ya mwaka 1932 na 1938. Vincent Lucas, askofu Mwanglikana wa Masasi, alikuwa akijaribu katika miaka hiyo hiyo kulifanya jando la kusini kuwa la Kikristo, kwa hiyo Gutmann hakuwa peke yake katika nchi hii.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, naye Gutmann akaondoka mwaka 1920. Katika miaka iliyofuata, kabla Wajerumani hawajaruhusiwa kurudi na hata walipofika Walutheri wachache kutoka Marekani kusaidia, sharika za Kilimanjaro zilishikwa na walimu na wazee. Walibatiza kwa idhini, walifundisha wanakipaimara, waliamua mashauri, walikusanya sadaka. Ukitaka kujua kama fikra za mchungaji zilikuwa na mashiko au zilikuwa ndoto ya Mjerumani mwenye huzuni, hapa ndipo pa kutazama: kanisa halikuvunjika. Lakini sharti tuongeze kwamba halikuvunjika pia Machame na Mamba na Marangu, ambako wachungaji wengine hawakufikiri kama yeye, kwa hiyo pengine sifa iende kwa wale walimu wenye mshahara mdogo zaidi kuliko kwa nadharia yoyote.

Aliporudi mwaka 1926 alikuta mlima umebadilika, na kilichoubadilisha ni kahawa. Mibuni ilikuwa imepandwa chini ya migomba katika vihamba vingi. Mwaka 1925 wakulima walikuwa wameunda chama chao, na rais wake wa kwanza, Joseph Merinyo, alikuwa mtu wa Old Moshi aliyelelewa katika misioni ile ile. Chama hicho kilizaa baadaye chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Hapa mhafidhina alijikuta katika hali ngumu. Aliogopa kwamba fedha ya kahawa ingemfanya mwana asimhitaji baba, na baba asimhitaji jirani; alitaka watu wasome na kusali kwa Kichagga, naye mwenyewe alitafsiri Agano Jipya kwa lugha ya Old Moshi; ilhali vijana waliokaa mbele yake madarasani walikuwa wakidai shule zaidi, Kiswahili na hata Kiingereza, kwa kuwa waliona wazi kwamba karani wa serikali hasemi Kichagga. Katika ugomvi huu mimi niko upande wa vijana, na si kwa sababu naandika kwa Kiswahili tu. Mtu hawezi kumwambia mwingine abaki katika vifungo vyake vya asili wakati sheria, kodi na bei ya kahawa vinaandikwa mahali pengine kwa lugha nyingine. Baadhi ya wanazuoni wa Ulaya wamemshutumu pia kwamba maneno yake juu ya ukoo na ardhi yalikaribiana mno na yale yaliyokuwa yakipigiwa makelele Ujerumani katika miaka ya 1930. Shutuma hiyo haikutoka hewani, ingawa mtu aliyetumia maisha yake kuthibitisha kwamba Mwafrika ana sheria na hekima ya kumfundisha Mzungu hawezi kutiwa katika kapu moja na wale waliopiga makelele hayo.

Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa jingine. Aliuona ubaba kuwa ni roho, akasahau kuwa ulikuwa pia ni ekari. Baba wa Kichagga aliheshimiwa kwa kuwa alikuwa na kitu cha kugawa, na mlima ulipojaa watu, vihamba vikagawanywa na kugawanywa tena, yule mwana wa katikati aliyeambiwa akatafute akakuta hakuna pa kutafuta. Akaenda shuleni, na shule ilikuwa ya kanisa. Kisha akaenda Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam, akafungua duka au akashika kalamu. Hivyo kanisa lililokusudiwa kuwafunga vijana katika ukoo ndilo lililowapa nauli ya kutoka. Wala hawakuutupa ukoo: hata leo mwezi Desemba magari hupanda mlima kwa wingi usiokuwepo mwezi mwingine wowote, wana wanarudi kula Krismasi kwa baba, pombe ya mbege inachujwa, mnyama anachinjwa, na kila mmoja anajua fungu lake la nyama. Jumapili baada ya ibada, mbele ya kanisa, mkungu wa ndizi na jogoo vilivyoletwa kama sadaka hupigwa mnada. Na aliyetoka mjini hununua mkungu kwa bei isiyo na maana yoyote ya soko, kisha akaurudisha unadiwe tena, au akampa mjane wa mtaani. Ule ujirani ambao Gutmann aliuhubiri umedumu, ila unalipiwa na fedha ile ile aliyoiogopa.

Kuhusu wanawake aliandika mengi na kuwafikiria kidogo. Katika utaratibu wake mama yumo ndani ya nyumba ya baba na binti yumo njiani kwenda nyumba ya baba mwingine. Wale waliobeba majani kichwani kila siku ili ng'ombe wa kihamba wapate kula hawakuwa na kihamba, na mchungaji hakuona hapo jambo la kuulizia. Katika hilo alipatana na wazee wake bila shida.

Siasa ya mlima nayo ilichukua njia yake. Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951, na kwa muda ikaonekana kana kwamba taifa la ukoo na umangi limepata sura mpya, lenye bendera na sikukuu yake. Haikudumu. Mwaka 1960 waliamua kwa kura kwamba kiongozi wao awe rais wa kuchaguliwa, si mangi, wakamchagua Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu aliyetoka katika shule za Walutheri na kusoma Marekani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu. Gutmann wakati huo alikuwa Ehingen katika Bavaria, mzee wa miaka 84. Umangi ulifutwa nchi nzima mwaka 1963, naye akafariki Desemba 1966. Ila kugawa kihamba hakukupigiwa kura na mtu yeyote. Shauri hilo bado huamuliwa na kikao cha ukoo, mara nyingi katika siku chache baada ya Krismasi ambapo wana wote wako nyumbani, na siku hizi mabinti nao wameanza kuomba nafasi ya kusema.