Rubani Asiye na Jina: Kabla Hujamfuata Staa Mpaka Fundo

Wadau, huyu hatumtaji jina, ila wote mnamjua. Gauni jeupe linapepea, kofia pana mkononi, droni inampiga kutoka juu akiwa kasimama peke yake kwenye kichanga katikati ya bahari. Chini kaandika maneno matatu: "Pepo ya duniani." Hasemi alifikaje pale. Hasemi alilipa shilingi ngapi, au kama yeye ndiye aliyelipwa. Jamaa aliyemvusha kwa boti kakatwa kwenye picha, umebaki mkono wake tu kwenye kona. Ukimuuliza inboksi, unatumiwa namba ya meneja.

Picha za namna hiyo zimeshapigwa Nungwi, Kendwa na Paje mpaka zimechosha. Sasa macho yanahamia Pemba, na siku yoyote utaletewa jina la Fundo kama chimbo jipya ambalo eti hakuna anayelijua.

Kwa wasiokijua: Fundo ni kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe, magharibi ya Pemba, ng'ambo ya mji wa Wete. Upande mmoja kinatazama Wete kwenye maji yaliyotulia. Upande wa pili kinatazama Mkondo wa Pemba, ile bahari nene inayotenganisha Pemba na Tanga. Watu wanaishi pale, wanavua, wana sheha wao. Kwa hiyo hilo neno "hakuna anayelijua" tuliweke pembeni. Wapo wanaolijua, ila hawana wafuasi laki tano.

Na huu mchezo haujaanza na simu janja. Pwani yetu imesifiwa na kuchafuliwa na wageni kwa karibu miaka 2,000. Karibu kila safari, aliyeandika alipata sifa, na aliyemwonyesha njia hakuandikwa hata jina. Ukiipitia historia hiyo, utajua nani wa kumsikiliza kabla hujanunua tiketi.

Kitabu cha mtu asiyejulikana

Tuanze na karne ya 1. Kuna kitabu kifupi cha Kigiriki kinachoitwa Periplus cha Bahari ya Eritrea. Aliyekiandika hajulikani jina, ila inaonekana alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Misri. Anataja bandari moja moja mpaka pwani yetu, nini kinauzwa wapi, na mwezi gani chombo kiondoke.

Humo kuna kisiwa anachokiita Menouthias. Wapo wanaosema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia, na ubishi haujaisha. Anasema ni kisiwa cha chini chenye miti, na watu wake wana mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wanavua samaki na kasa. Kisha anatupa kitu kitamu kweli: anasema wana njia yao ya kutega kwa vikapu vya kusuka, wanavifunga kwenye midomo ya maji kati ya miamba.

Mtu wa pwani akisoma hapo anacheka. Si madema hayo? Hiyo si habari ya kuokota ukiwa umekaa Misri. Kuna mvuvi mahali fulani alimwonyesha mtu, au alimweleza nahodha aliyekuja kusimulia. Mwandishi huyo huyo anasema Waarabu walikuwa wanatuma huku manahodha walioishi na wenyeji, wakaoa kwao, wakaijua pwani yote na lugha yake. Yaani miaka karibu 2,000 iliyopita mtu alishajua siri: habari za mahali unazichukua kwa mtu aliyeoa pale, si kwa aliyepita kupiga picha.

Aliyefika na ambaye hakufika

Karne ya 10 alikuja al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad. Alivuka bahari kati ya Oman na kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho watafiti wengi wanaamini ni Pemba. Safari yake ya mwisho kutoka huko ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917. Unadhani alisifia mchanga mweupe? Wapi! Aliandika kwamba amepanda vyombo kwenye bahari nyingi lakini hajaona yenye hatari kama hii ya Zanj, mawimbi yake kama milima. Akataja na wenye vyombo aliosafiri nao, kwamba baadaye walikufa maji.

Hiyo ndiyo rivyu. Mtu aliyehatarisha shingo yake anakwambia kwanza kitakachokuua.

Sasa mlinganishe na Marco Polo. Mwaka 1298 akiwa kifungoni Genoa alimsimulia mwandishi aitwaye Rustichello habari za dunia nzima, na Zanzibar ikaingizwa humo. Alisema ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000, watu wake ni majitu, mmoja anabeba mzigo wa watu wanne na kula chakula cha watu watano. Shida ni moja tu: hakuwahi kufika huku. Unguja na Pemba ukizizungusha zote mbili hazikaribii hata robo ya hizo maili. Lakini kitabu chake kilisomwa Ulaya nzima. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alilala Mombasa kweli na kufika Kilwa kweli, akaandika mambo ya kawaida kabisa: watu wanakula ndizi na samaki, wanaosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Nani alitrendi kwao? Si Ibn Battuta.

Rubani na bakora

Twende 1498. Vasco da Gama anapanda na pwani kutoka Msumbiji, hajui njia. Ana marubani aliowachukua kule, na hawakumpenda. Mwaka ule neno rubani halikuhusu ndege, alikuwa mtu wa kuongoza chombo kati ya miamba. Mmoja wao alimwambia kuwa visiwa fulani ni nchi kavu. Da Gama alipogundua uongo, akaamuru achapwe, na kisiwa hicho Wareno wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa. Aprili 6 moja ya meli zake, São Rafael, ikakwama kwenye mchanga upande wa Tanga, Mtangata. Wenyeji wakaja na mitumbwi, wakaleta machungwa ambayo Wareno wenyewe walikiri ni mazuri kuliko ya kwao. Wakaendelea, wakapita Mkondo wa Pemba, maji yale yale yanayopiga upande wa magharibi wa Fundo. Kufika Mombasa, marubani wa Msumbiji wakajirusha baharini na kukimbia.

Malindi ndiko alikopata njia. Sultani wa pale alikuwa na ugomvi na Mombasa, akaona wageni hawa watamfaa. Hata hivyo da Gama alimshikilia mtu wa sultani mpaka alipoletewa rubani. Wakaondoka Aprili 24, na Mei 20 walikuwa Calicut, India.

Huyo rubani ni nani? Shajara ya safari haikumtaja jina. Baadaye mwandishi wa Kireno akamwita Malemo Caná, na hilo "malemo" ni kama mwalimu wetu, cheo tu cha mjuzi wa bahari. Wengine wakasema ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa Kiarabu, jambo ambalo wanahistoria wengi leo wanalikataa. Yule aliyeivusha safari iliyobadilisha dunia kakatwa kwenye picha, na da Gama ana sanamu.

Angalia vizuri hapo. Tofauti kati ya rubani mwongo na rubani wa kweli si kwamba mmoja alikuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Marubani wa Msumbiji walikuwa watu wa bahari hii, lakini waliburuzwa, na hawakuwa na cha kupoteza zaidi ya bakora. Walipoona mwanya wakaruka. Yule wa Malindi alikaa ndani ya chombo kwa karibu wiki nne za bahari kuu. Kikizama, naye anazama.

Na hicho ndicho kipimo. Usitafute mtu asiye na maslahi, hayupo. Hata sultani wa Malindi alikuwa na yake. Tafuta mtu aliye ndani ya chombo chako.

Uchafu nao ni tangazo

Kabla hatujavuka kwenda Fundo, tusisahau upande wa pili wa hizi porojo. Mwaka 1931 mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alitoa kitabu cha safari, akaandika kwamba Pemba ni kitovu cha uchawi, kwamba watu wanatoka mpaka maziwa makuu kuja kufuzu, na eti hata Haiti. Zilikuwa hadithi za kusikia. Lakini mpaka leo kijana wa Sinza akisikia unaenda Pemba anakuuliza, "Utarudi kweli?" Karibu miaka 100, na utani ni ule ule.

Wakati huo huo, ile "karafuu ya Zanzibar" iliyosifiwa duniani, baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ilitoka Pemba. Sifa ikaenda jina kubwa, kazi ikabaki kisiwa kidogo. Na ng'ambo ya ghuba kutoka Wete, pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu. Watu wa maji haya walikuwa wanafanya biashara na dunia karibu miaka 1,000 iliyopita. Hawahitaji "kugunduliwa".

Sasa, Fundo

Tuwe wakweli: kulipwa si dhambi. Dada wa kofia naye ana kodi ya nyumba. Na wapo waliosema wazi "hili ni tangazo", wakaonyesha boti, nahodha na bei. Hao tunawaheshimu. Tatizo ni wa Marco Polo: anayesifia safari ambayo hakuisafiri kama utakavyoisafiri wewe. Yeye kaletwa na boti ya hoteli, maji yamejaa, kakaa dakika 40. Wewe unaenda na akiba yako ya miezi minne.

Kwa hiyo ukifika Wete, usimuulize mtu "wapi kuzuri?" Kila mtu atakujibu kuzuri. Uliza swali la baharini: "Lini nisiende?"

Mtu wa kweli atakwambia kuhusu kusi, zile pepo za kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, siku ambazo bahari haitaki utani. Atakutajia masika. Atakuuliza kama unakuja wakati wa bamvua, maji yanapokauka mbali kiasi kwamba boti inaweza kushindwa kusogea ufukweni, ukashuka na kutembea kwenye mawe na begi kichwani. Atakwambia chombo cha mwisho cha kurudi kinategemea maji na si saa ya mkononi. Ukisikia majibu hayo, umempata rubani. Anayekujibu "wakati wowote poa tu, bosi" anakuuzia kitu.

Pili, msikilize anayekupa masharti. Fundo ni kijiji cha Waislamu, kwa hiyo jistiri, salimia wazee kwa shikamoo, usimpige mtu picha bila ruhusa, na mwezi wa Ramadhani usitafune chipsi njiani. Pitia kwa sheha ujitambulishe, hapo ndipo utajua nani ana chombo na nani anapokea wageni. Eneo lote hili liko ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iliyoanzishwa 2005. Na kuna vijiji vya Pemba, Kisiwa Panza kwa mfano, ambavyo hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Boti ya wageni ikitia nanga au kuanza kuokota okota kwenye mwamba kama huo kwa sababu ya "kontenti", inakanyaga jiko la mtu. Anayekwambia "hapo hapana" anakuheshimu kuliko anayekwambia "popote twende".

Tatu, angalia pesa yako inaishia wapi. Mwishoni mwa 2021 serikali ya Zanzibar ilitangaza kukodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wakubwa. Sifa zikija zitakuja kwa kasi. Ukimlipa nahodha mkononi, ukala kwa mama wa pale, ukalala kwa anayepokea wageni Wete, umeacha sababu ya watu kulinda mahali. Ukilipa kila kitu kwa meneja wa mjini, umeacha chupa za plastiki.

Na ukirudi ukaposti, fanya kitu ambacho da Gama, pamoja na sanamu zake zote, hakukifanya. Muulize nahodha kama anapenda kutajwa. Akikubali, andika jina lake juu, kabla ya lako. Andika na bei, na saa maji yalipokupwa, na ulipokwama. Akikataa, iheshimu siri yake, ila usimkate mkono kwenye kona.

Haya wadau, leteni machimbo yenu hapo chini. Sharti ni moja: kabla hujatuambia twende lini, tuambie lini tusiende.