Daraja likibomolewa na mafuriko, kifusi chake huenda wapi?

Mwanza. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga na kuacha wasafiri wamekwama. Kinachofuata huwa hakizungumzwi sana: daraja bovu linaondolewaje, na zege lake linapelekwa wapi?

Kwa mkazi wa Buhongwa swali hili si la mbali. Kata hiyo ya Nyamagana ipo kwenye barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga, iliyo chini ya Tanroads. Za mitaani ni za Tarura. Na dampo la jiji lipo hukohuko Buhongwa. Lina taka za kutosha, halihitaji kujazwa zege.

Kazi huanza juu kwenda chini: sakafu, mihimili, kisha nguzo. Kijiko chenye nyundo huvunja zege, nondo hukatwa kwa gesi. Kuna mihimili yenye nyaya zilizovutwa ndani. Ikikatwa ovyo hufyatuka kwa nguvu. Vijana wanaoingia chini ya daraja lililoinama kuchomoa nondo za kuuza skrepa wanacheza na roho zao.

Mzigo wenyewe si mdogo. Sakafu ya urefu wa mita 10, upana mita 8 na unene nusu mita ni mita za ujazo 40. Kwa tani 2.4 kila moja, hiyo ni tani 96, yaani tripu saba za lori la tani 15. Hapo nguzo bado.

Nondo huyeyushwa kiwandani. Zege husagwa, sumaku ikatoa vyuma vilivyobaki, kisha huchekechwa. Linafaa tabaka la chini la barabara, njia ya mchepuko au kujazia nyuma ya kuta. Kwenye mihimili mipya ni hadi lipimwe, maana kokoto zake zina saruji ya zamani na hunywa maji zaidi.

Je, inalipa? Mwanza mawe yapo kila kona, hivyo kusaga zege kuna maana pale mashine ikiwa jirani na eneo la kazi. Vinginevyo mafuta ya lori yanamaliza faida.

Kosa baya kuliko yote ni kukiacha kifusi mtoni. Mto hubanwa, mvua ikirudi maji hupanda na kula kingo, na wa kwanza kuyapokea ni nyumba za pembeni pamoja na msingi wa daraja jipya.