Nguvu, Mizani na Mpini: Historia ya Msumeno wa Mnyororo

Historia ya msumeno wa mnyororo, yaani mashine ya kukatia miti ambayo Watanzania wengi huiita msumeno wa moto, husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya injini iliyozidi kuwa na nguvu mwaka hadi mwaka, ilhali vipimo vya mashine zenyewe vinaeleza mambo tofauti. Mashine ya petroli ya kuangushia miti ambayo Mjerumani Andreas Stihl aliitoa mwaka 1929 ilikuwa na nguvu za farasi 6 na uzito wa kilo 46. Miaka 30 baadaye kampuni hiyohiyo ilitoa msumeno ulioitwa Contra, wenye nguvu zilezile za farasi 6 kwa uzito wa kilo 12, na msumeno wa MS 500i, uliotoka mwaka 2019, una kilowati 5, yaani karibu nguvu 7 za farasi, kwa uzito wa kilo 6.2 kabla ya kufungwa bamba na mnyororo. Kwa hiyo katika muda wa miaka 90 nguvu ya msumeno wa kawaida wa mkataji mzoefu iliongezeka kidogo tu, na sehemu kubwa ya akili ya wahandisi ilitumika kuisogeza nguvu hiyo karibu na mwili wa binadamu mmoja, ili aweze kuibeba, kuigeuza na kuizuia bila kuumia.

Mnyororo wenye meno ni mkongwe kuliko injini iliyokuja kuuzungusha. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wapasuaji wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mwembamba wenye meno, uliovutwa huku na huku kwa vishikio viwili, kukatia mifupa katika nafasi ambazo msumeno wa kawaida haukuweza kufika. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine alitengeneza osteotomi, chombo cha upasuaji ambacho mnyororo wake usio na mwisho ulizungushwa kwa mkono kulizunguka bamba, na umbo hilo la bamba linaloongoza mnyororo ndilo lililodumu hadi leo. Wazo la kuupeleka mnyororo wa aina hiyo msituni lilichukua muda mrefu. Mwaka 1905 Samuel Bens wa San Francisco alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa ajili ya msumeno wa mnyororo uliokusudiwa kukata miti mikubwa sana ya California.

Mashine iliyoweza kuuzwa na kutumiwa kazini ilitoka Ujerumani. Stihl alianzisha karakana yake mjini Stuttgart mwaka 1926 na kutengeneza msumeno wa umeme wa kilo 64 uliohitaji watu wawili, nao ulikuwa na kasoro iliyo wazi kwa yeyote anayejua msitu, kwamba miti haioti karibu na nyaya za umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu msumeno wake wa petroli wa kilo 58 kwenye mlima Dolmar, katika eneo la Thuringia, na mlima huo ukaipa kampuni yake jina. Katika mashine hizi zote mtu mmoja alishika upande wa injini na mwenzake akashika mpini uliofungwa kwenye ncha ya bamba, kwa mpangilio uleule wa msumeno wa mkono wa watu wawili. Neno mizani lilikuwa na maana finyu wakati huo: mzigo uligawanywa kati ya watu wawili wasiolingana kimo wala nguvu, waliolazimika kupanda mteremko kwa hatua moja na kukimbia kwa pamoja mti ulipoanza kulia.

Kikwazo kikubwa kuliko uzito kilikuwa ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Kabureta za zamani zilitegemea boya, yaani kidude chepesi kinachoelea juu ya petroli katika kikombe kidogo na kufunga mlango wa mafuta kikombe kinapojaa, na kwa kuwa boya huelea wima tu, injini iliyolazwa ubavu ilifurika mafuta au ilikosa mafuta kabisa na kuzimika. Hata hivyo kuangusha mti hutaka bamba lilale, na kukata gogo lililokwisha kuanguka hutaka bamba lisimame. Watengenezaji walilikwepa tatizo hilo kwa kuunganisha bamba na injini kupitia kiungo kilichozunguka, hivi kwamba mkataji alilegeza kitasa, akaligeuza bamba nyuzi 90, akakaza tena, huku injini ikibaki wima muda wote. Kiungo hicho kiliongeza kilo kadhaa, na kila mgeuko mmoja wa kazi ulidai kusimama. Ufumbuzi ulikuwa kabureta ya kiwambo, ambayo badala ya boya ina utando mwembamba unaovutwa na kusukumwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa, hivyo haijali upande gani ni juu. Kabureta hiyo ilipoenea katika miaka ya 1950, msumeno uliweza kugeuzwa ubavu, hata kichwa chini, bila kuzimika, na urahisi wa kuutumia ulibadilika kuliko ambavyo ongezeko lolote la nguvu za farasi lingeweza kuubadilisha.

Mnyororo nao ulikuwa na mageuzi yake. Meno ya mwanzo yaliigwa kutoka kwenye msumeno wa mkono: baadhi yalichana nyuzi za mti na mengine yalizoa unga, na jino la namna hiyo huchubua mti kuliko kuukata, huisha makali upesi, na kulinoa kwahitaji subira nyingi. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkataji miti wa Oregon nchini Marekani, alichunguza funza wa mbawakawa mmoja akila kisiki kwa kwenda upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu, akifuata nyuzi za mti na kuzikatisha kwa wepesi uleule. Cox aliunda jino lililopinda kama taya la funza huyo, linalokwangua kama randa badala ya kuchana, akayapanga meno ya kulia na ya kushoto kwa kupishana, na mwaka 1947 akaanza kuyauza mjini Portland. Mbele ya kila jino hukaa kidutu kifupi kinachopima kina cha mkato, na ni kidutu hicho kinachoamua kama mnyororo utakata kwa utulivu au utaung'ang'ania mti na kumtikisa mshikaji. Karibu misumeno yote ya leo hutumia meno ya ukoo huo, yanayonolewa kwa tupa ya duara pale pale kisikini. Inafaa kusisitizwa kwamba jino hili lilipunguza mahitaji ya nguvu: injini ndogo yenye mnyororo mkali hukata vizuri kuliko injini kubwa yenye mnyororo butu, jambo ambalo kila mkataji hulijua na ambalo vitabu vya matangazo hulisahau.

Baada ya vita vya pili vya dunia, aloi nyepesi za alumini na magnesiamu ziliwezesha msumeno wa mtu mmoja kuwa jambo la kawaida. McCulloch wa Marekani ilitoa mwaka 1949 msumeno wa 3-25 wenye uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 hivi, na Stihl ilitoa mwaka 1950 msumeno wa mtu mmoja wa kilo 16. Mingi ya misumeno ya kizazi hicho ilikuwa na giya kati ya injini na mnyororo, na giya hizo zilipunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha, hivi kwamba mnyororo ulikwenda polepole lakini haukukwama kirahisi kwenye mti mnene. Contra ya mwaka 1959 iliziondoa, ikauendesha mnyororo moja kwa moja kupitia klachi. Mnyororo ulikwenda kasi zaidi, kila jino likang'oa kidogo zaidi, na uzito uliookolewa ukawa faida ya mgongo wa mkataji. Hapa pana mvutano ambao haujaisha: mashine ya kasi hupendeza kwenye miti laini na myembamba, na mashine ya nguvu ya kuzungusha huheshimiwa kwenye miti migumu na minene.

Mizani ya msumeno, yaani namna uzito unavyokaa kuhusiana na mikono miwili, ilifuata tabia ya misitu. Katika mashine nyingi za mwanzo za Amerika mpini wa nyuma uliwekwa juu ya injini, hivyo mwili wa msumeno ulining'inia chini ya mkono, na kwenye pwani ya magharibi, ambako mabamba ni marefu na miti hukatwa kutoka pande zote, ulizoeleka mpini wa mbele unaozunguka hadi upande wa pili wa mashine. Katika nchi za Skandinavia misonobari ni myembamba na sehemu kubwa ya siku hupita katika kupogoa matawi ya mti ulioanguka, kwa hiyo kampuni kama Husqvarna, iliyoanza kutengeneza misumeno mwaka 1959, zilipendelea mwili mfupi na mwembamba, bamba fupi, na mpini wa nyuma ulio mbali kidogo na injini. Mkataji huulaza msumeno juu ya shina na kuutelezesha, akiutumia kama wenzo, ili uzito ubebwe na mti. Msumeno uleule uliosifiwa kwa mizani huko Skandinavia huelemea mbele ukifungwa bamba refu mara mbili, ndiyo maana kusema kwamba msumeno una mizani nzuri bila kutaja urefu wa bamba ni kusema nusu ya habari.

Wepesi ulikuja na gharama ambayo haikutarajiwa. Kadiri mwili wa mashine ulivyopungua na mizunguko ya injini kuongezeka, mtetemo ulipita kwenye mipini hadi mikononi, na katika miaka ya 1960 wakataji wa Ulaya na Japani walianza kuonekana na vidole vilivyogeuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi, kwa sababu mishipa midogo ya damu na ya fahamu ilikuwa imeharibika. Ugonjwa huu haukuwa wa wazembe. Uliwapata hasa waliokuwa hodari na wenye bidii, waliovumilia saa nyingi. Jibu la wahandisi lilikuwa kuitenga mipini na injini kwa vipande vya mpira, na baadaye springi, ili mashine iwe na sehemu mbili, moja inayotetemeka na nyingine inayoshikwa. Mpira laini mno humfanya mkataji asihisi bamba linaelekea wapi, na mpira mgumu mno haumkingi, kwa hiyo ubora wa mshiko katika misumeno ya kitaalamu hadi leo hutegemea sana uteuzi wa vipande hivyo vidogo ambavyo mnunuzi havioni.

Hatari nyingine ilikuwa mruko wa nyuma. Mnyororo unaokata kwa upande wa chini wa bamba huuvuta msumeno kuelekea kwenye mti, na unaokata kwa upande wa juu huusukuma kuelekea kwa mkataji, nguvu mbili ambazo mtu hujifunza kuzizoea. Lakini robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa mti, bamba huruka juu na nyuma kuelekea usoni kwa kasi inayozidi uwezo wa misuli kujibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilienea breki ya mnyororo, inayofungwa na kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, na baadaye breki hizo zikaweza kufunga zenyewe kwa msukumo wa mruko, hata kama mkono haukuigusa kinga.

Kazi ya kupasua mbao msituni, katika nchi za Afrika Mashariki na mashariki mwa Kongo, ilizipanga sifa hizi upya. Kwa muda mrefu mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa shimo, mtu mmoja akiwa juu ya gogo na mwenzake akiwa chini, unga ukimmwagikia machoni. Msumeno wa mnyororo ulipochukua kazi hiyo, mashine zilizopendwa zilikuwa kubwa, zenye mwendo wa chini na nguvu nyingi ya kuzungusha, na maarufu kati yake ni Stihl 070, iliyotoka mwaka 1968 na injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 100, kabla ya breki ya mnyororo kuenea, na isiyo na mfumo wa kuzuia mtetemo. Mpasuaji huchora mstari kwa uzi uliopakwa masizi au unga mweusi wa betri kuukuu, kisha huufuata kwa macho na mikono tu, na kwa kuwa bamba hushuka kuelekea ardhini, uzito ambao ungemchosha mwangushaji miti humsaidia yeye kuukandamiza mnyororo. Kwa vile hukata kwa kufuata urefu wa nyuzi, hunoa meno kwa pembe ya nyuzi 10 hivi badala ya 30 zinazotumika kukata gogo kwa upana. Njia inayoachwa na mnyororo hukaribia sentimita moja, hivyo katika kupasua mbao za inchi moja zaidi ya robo ya mti huishia kuwa unga, hasara ambayo wenye misitu wameilalamikia kwa haki. Lakini mashine hiyo ndiyo inayoweza kubebwa begani hadi kwenye gogo lililolala bondeni, mahali ambapo hakuna trekta wala barabara, na mbao zikatoka huko zikiwa kichwani, moja moja.