Punda wa Dobi na Waliomsikiliza: Historia ya Ngano Moja

Makala haya yanahusu ngano moja tu, nayo ni ile ya kima aliyeuacha moyo wake mtini. Wengi wa waliolelewa katika mwambao wa Afrika Mashariki wameisikia kwa sura moja au nyingine. Nakusudia kuifuata ilikotoka, lakini nakusudia pia kukiri kosa nililolifanya nilipoifuata mara ya kwanza, kwa kuwa kosa hilo lina maana kwa yeyote anayejishughulisha na fasihi simulizi. Msomaji ataniwia radhi nikianza nyumbani kabla ya kufika maktabani.

Niliisikia ngano hii kwa bibi yangu mzaa baba, katika Mji wa Kale, Mombasa, kabla sijaingia shule. Bibi hakutamba hadithi mchana. Alidai kuwa mtoto asikilizaye hadithi jua likiwaka huota mkia, nasi tuliamini, tukajipapasa. Usiku, baada ya isha, alikaa ukumbini kwenye jamvi, kandili mbele yake, akisuka ukili. Mikono haikusimama hata pale aliposema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Nilijua kuwa hadithi inakaribia mahali pa hatari alipoanza kusuka polepole.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Kima na papa walifanya urafiki chini ya mkuyu ulioota kando ya bahari. Kima alikuwa akimtupia papa kuyu, papa akila na kushukuru. Siku moja papa akamwalika rafikiye kwao, akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya maji akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba amekosea kutosema mapema, maana wao kima wakitoka safari huiacha mioyo yao mitini. Papa akarudi, kima akaruka juu, na hakushuka tena. Papa alipomsihi, kima alimwuliza kama anamdhania kuwa ni punda wa dobi. Papa hakulijua jambo hilo, basi kima akamsimulia.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza. Punda wa dobi alitoroka, akakaa mwituni, akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa simba aliyekuwa amedhoofika, wakapatana. Sungura akamwendea punda na habari kwamba ametumwa kumposa, na anayeposa ni simba. Punda akafurahi, akafuatana naye. Simba akamrukia, punda akampiga mateke, akaponea chupuchupu. Siku zikapita, sungura akarudi tena. Punda akamwambia kwamba mara ile alitaka kuuawa. Sungura akamtuliza: asihofu, hiyo ndiyo tabia yake simba. Punda akaenda mara ya pili, akauawa. Sungura, aliyeachiwa nyama ailinde, akaula moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, sungura akamjibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Nilifika Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970. Upepo uliovuma pale ulikuwa ule ulioanza Oktoba 1968, pale Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati, masimulizi ya wazee wetu yakiwa msingi. Kwa kijana aliyeadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake, huo ulikuwa ukombozi hasa. Mwaka 1976 nilipotakiwa kuandika insha juu ya ngano ya kwetu sikusitasita. Niliandika, kwa ushupavu wa ujana, kwamba kima na papa ni zao halisi la mwambao wetu, lisilochanganyika na la wageni.

Mwalimu aliyeisahihisha aliandika pambizoni neno moja kwa wino mwekundu: Kalila.

Nilikwenda maktabani kwa hasira. Nilichokikuta kilinitia haya. Ngano ya kima ni sehemu ya Panchatantra, mkusanyiko wa hekaya wa India ulioandikwa kwa Kisanskriti. Katika karne ya 6, zama za mfalme Khosrow Anushirvan wa Uajemi, tabibu Burzoy aliufasiri kwa Kipahlavi. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' aliutia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Theodor Benfey, Mjerumani, aliitangaza safari hiyo kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1859. Na si kisa cha kima peke yake kilichosafiri. Hadithi ya punda nayo imo humo humo, tena imewekwa pale pale, ndani ya hadithi ya kima. Hata kazi ya mwenye punda haikubadilika: katika Panchatantra ni mfua nguo, katika Kalila ni mfua nguo, na kwetu ni dobi, neno ambalo lenyewe limetoka India. Punda huyu alivuka bahari na nchi kavu pamoja na bwana wake.

Kutokana na haya nilijirekebisha, nikaanguka upande wa pili. Nilijifunza kutumia faharasa ya Aarne na Thompson, nikajua kwamba moyo wa kima ni aina ya 91, na punda asiye na moyo ni aina ya 52. Niliandika upya insha yangu ikiwa na mishale na ramani. Nilipata alama nzuri. Sasa naona kwamba insha ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa ile ya kwanza angalau ilimpenda mtu aliyeisimulia.

Kile ambacho mishale ile haikunionyesha kilikuwa wazi katika kitabu ambacho nilikuwa nimekishika mkononi. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha mjini London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kisa cha Punda wa Dobi kimo. Tukikilinganisha na Kalila tutaona mambo matatu yaliyobadilika, nayo hayana uzito sawa. La kwanza ni la mazingira: mamba wa India na kobe wa Waarabu wamekuwa papa. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyeiona bahari yetu. La pili ni la sababu. Katika Panchatantra na Kalila anayeutaka moyo ni mke, aliyeona wivu kwa urafiki wa mumewe. Unguja anayeutaka ni sultani mgonjwa. Wivu wa nyumbani umegeuka kuwa haja ya mtawala ambaye afya yake hununuliwa kwa moyo wa mtu wa mbali asiyemjua. Nani aliyefanya badiliko hilo, na lini, hatuwezi kusema, lakini kusimulia hivyo katika mji wa sultani hakukuwa jambo la bure.

La tatu ndilo kubwa. Katika India na katika Kiarabu punda ni dume, na anavutwa kwa tamaa ya punda jike. Katika masimulizi ya Unguja punda ni jike, naye anaposwa. Sungura amekuwa mshenga. Ule ulaghai wa mwituni umevishwa nguo za harusi, na lile neno la kwamba simba ndiyo tabia yake limekuwa neno la mshenga kwa mke aliyekimbia. Katika insha yangu ya 1976 badiliko hili lilipata sentensi moja, tena ya mabano.

Laiti ningekumbuka nilivyoisikia. Nilikuwa na umri wa miaka sita au saba. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa amekuja kwao na mkono umefungwa kitambaa. Hatukuelezwa. Alasiri walikuja wazee wawili kutoka kwa mumewe, wakakaa barazani, nikatumwa kuwapelekea kahawa. Mmoja alikuwa na kikohozi kifupi ambacho alikitanguliza kila aliposema. Nilimsikia akimwambia baba kwamba kijana ana hasira za haraka, ndiyo tabia yake, lakini moyo wake ni safi.

Usiku ule bibi alitutambia punda wa dobi. Sungura alipokwenda kuposa mara ya pili alianza kwa kikohozi kifupi. Nilicheka hadi nikajilaza kwenye jamvi, maana niliitambua sauti. Sikuyatambua mengine. Shangazi alikuwa ameketi nyuma yetu, mgongo ukutani. Bibi alipomaliza, naye akasema kwa sauti ya chini: "Mama, punda alirudi kwa kuwa kwa dobi nako ni mizigo." Bibi hakumjibu. Aliinua chane nyingine akaendelea kusuka. Siku ya Ijumaa shangazi alirejea kwa mumewe, akakaa huko miaka minne zaidi, na aliporudi mara ya mwisho mkono ule haukunyoka tena.

Nimekisoma kisa hiki katika tafsiri na masimulizi mengi, pamoja na yale ya Kiingereza ya George Bateman yaliyotolewa Chicago mwaka 1901, na sikuona uhakiki wake uliofika pale shangazi alipofika kwa sentensi moja. Sungura humlaumu punda kwa kukosa moyo na masikio. Simba hukubali. Wasomaji nao hukubali, na vitabu vya shule huongeza funzo mwishoni, kwamba mtu asirudie kosa. Shangazi aliuliza jambo ambalo ngano haikulitaja: punda alikuwa na mahali gani pengine pa kwenda? Bibi alikuwa akimwonya asirudi. Shangazi alikuwa akimjibu kwamba onyo bila ya makao ni maneno. Hayo yalikuwa mabishano ya kihakiki baina ya wanawake wawili, mbele ya watoto waliodhani wanachekeshwa.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji na hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe, si pambo lake. Nilikuwa nimemsoma. Nilimnukuu hata. Lakini hadhira niliyoifikiria ilikuwa ile inayoitika "Pakawa", si mtu mmoja aliyekaa kimya ukutani. Naamini kwamba ngano nyingi tunazozihifadhi zilielekezwa kwa msikilizaji wa namna hiyo, na kwamba jina lake halikuandikwa kwa sababu wakusanyaji, wa kigeni na wa kwetu, waliandika maneno ya mtambaji tu.

Mwaka 1994, bibi akiwa amekwisha fariki, nilikwenda kwa shangazi na kinasa sauti. Alikuwa ameolewa tena, akafiwa, na alikuwa na wajukuu. Nilimwomba awatambie kisa kile. Alikisimulia vizuri, polepole, na sungura wake hakuwa na kikohozi. Alipofika pale sungura anaporudi mara ya pili na maneno yake ya kutuliza, punda wa shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza: "Na wewe sungura, katika posa hii utapata nini?" Sungura akakosa jawabu. Hadithi ikaishia hapo.

Wajukuu walilalamika. Walikuwa wanakijua kisa, wakataka simba ale. Mimi nami, kwa ugonjwa wa taaluma, nilimweleza kwamba asipokufa punda kima hana la kumwambia papa, na hadithi ya kwanza haina mwisho. Shangazi akacheka. Alisema kima yuko juu ya mti tangu zamani, ana haja gani ya kumpa papa mifano?

Kanda ile ninayo, na nimeyaandika masimulizi yake neno kwa neno. Nilipotaka kuyapanga pamoja na mengine nilirudi katika faharasa yangu ya zamani. Aina ya 52 inataka punda aliwe. Mahali pa nambari nimeacha wazi.