Alikwenda Kushtaki, Akarudi Ametubu



Siku za maadhimisho tunapenda kuhesabu: matawi mangapi, mikutano mingapi, mipaka mingapi tumevuka. Kuhesabu baraka si vibaya. Lakini hebu, ndugu msomaji, kabla hatujapiga makofi, twende kidogo Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Huko kulikuwa na uamsho uliovuka mipaka hii zamani kabla yetu.

Mwaka 1929 Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali. Daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, alikuwa amechoka mwili na roho. Mwezi Septemba akaenda Kampala kupumzika. Juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye mali na cheo. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Jamani, zile zilikuwa siku za ukoloni! Mzungu msomi kukiri mbele ya Mwafrika kwamba amepungukiwa, na Mwafrika naye kukiri vilevile, halikuwa jambo dogo.

Lakini kule Gahini hospitali ilikuwa na shida. Wafanyakazi walikuwa na manung'uniko, umoja haupo. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu pale, akasafiri mpaka Kampala kwa Nsibambi. Alipoulizwa habari za hospitali, akaeleza ubaya wake wote. Unajua alijibiwa nini? Kwamba mambo yameharibika kwa sababu ya dhambi iliyomo moyoni mwake yeye mwenyewe. Neno hilo linauma! Angeweza kukasirika. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani akajisalimisha kwa Bwana. Alikwenda kushtaki wenzake, akarudi ametubu.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, naye alikuwa mwalimu huko Gahini. Mwaka 1935 alijitenga siku kadhaa kuomba. Alipotoka hakuanza kwa kukemea watu. Alianza nyumbani, akamwomba mke wake msamaha. Alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Ukafika Kabale, ukaingia Kenya, Burundi na Tanganyika. Hata leo wimbo wa Tukutendereza unaimbwa pande zote hizi, na watu wa lugha mbalimbali wanaitana ndugu.

Sasa sikiliza upande wa pili. Ile toba iliyokuwa dawa, kwa wengine ikageuka kuwa fimbo. Watu wakaanza kupimana: nani ameokoka kweli, nani amepoa, nani amevaa nini, nani amekopa fedha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndugu wa uamsho Uganda walikuwa wamegawanyika, kundi moja likijiita Abazukufu, yaani walioamshwa upya. Waliokuwa wakilia pamoja chini ya msalaba wakashindwa kukaa benchi moja.

Mpendwa, kiburi cha mtu wa dunia kinaonekana haraka. Kiburi cha mlokole kinajificha, maana kinavaa vazi la utakatifu. Yule Farisayo wa Luka 18 hakuwa baa. Alikuwa hekaluni, tena anaomba! Na sisi je? Wajumbe wa nchi fulani wakichelewa kupewa kipaza sauti, tunanuna. Kiswahili cha wenzetu wa ng'ambo ya mpaka tunakicheka. Kwaya yetu isipoimba kwanza, ni maneno mpaka ndani ya basi. Tunaombea uamsho, kumbe kuna mtu hatujamsalimia tangu mkutano uliopita.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana Yesu mwenyewe aliinama akawaosha wanafunzi miguu, na Yuda alikuwemo.

Basi, usiombe bado kwa ajili ya kiburi cha mchungaji wako wala cha tawi la jirani. Fanya kama Yosiya: anza na moyo wako, ukiwa bado njiani. Kuna ndugu wa kumpigia simu? Mpigie leo, kabla ya keki kukatwa. Useme tu, "Ndugu yangu, nilikukosea, nisamehe."

Bwana atunyenyekeze, atuinue kwa wakati wake. Amina.